Bunduki ya Kuwindia Swala: Ipi Yafaa, na Nani Ruhusa ya Kuibeba?

Msafiri atokaye Kasese kwenda Bwera hupita njia panda ya Kikorongo, karibu na mstari wa Ikweta, na hapo huona nchi mbili kwa mtazamo mmoja. Upande mmoja imesimama milima ya Rwenzori, na chini yake mashamba ya pamba, mahindi, mihogo na kahawa. Upande wa pili imetandazika nyika ya Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, iliyoanzishwa mwaka 1952. Gombolola ya Munkunyu imo katika nchi hiyo ya mpakani, ambako mwenye jembe na mwenye pembe hulala karibu sana.

Tuseme askari polisi mmoja amerudi likizo kwa mjomba wake hapo Munkunyu. Wamekwisha kula, wamekaa uani, watoto wamenyamaza. Mjomba anasafisha koo.

“Mpwa wangu, tembo walivuka juzi wakamaliza mahindi ya mama yenu. Hawakuomba ruhusa. Sasa serikali imekupa bunduki. Kwa nini siku moja usije nayo, ukatupatia swala mmoja tu? Mmoja! Hao wamekula changu, nami nile chao.”

“Mjomba,” askari anajibu kwa adabu, “bunduki ile si yangu. Na hata ingekuwa yangu, isingefaa kwa kazi hiyo.”

Mzee anacheka. Anaona kijana amekimbilia visingizio. Lakini jibu hilo lina mambo mawili ndani yake, la sheria na la ufundi, na yote mawili ni ya kweli. Inafaa kuanza na la ufundi, maana ndilo ambalo hata askari wengi hawalijui sawasawa: mtu aliyezoea silaha ya kazini hudhani kwamba bunduki ni bunduki, na risasi ni risasi.

RISASI YA VITA NA RISASI YA MAWINDO

Mwishoni mwa karne ya 19 Waingereza walitengeneza katika kiwanda cha Dum Dum, karibu na Calcutta huko India, risasi iliyoachwa wazi nchani ili risasi ya ndani ifunguke inapoingia mwilini. Majeraha yake yalikuwa ya kutisha. Mwaka 1899, katika mkutano wa The Hague, Uholanzi, mataifa yalitoa azimio la kupiga marufuku vitani risasi ya namna hiyo. Tangu wakati huo risasi ya jeshi huvikwa koti gumu la madini linalofunika ncha yote. Hupenya, mara nyingi ikatoka upande wa pili, na tundu lake huwa dogo.

Katika mawindo mambo hugeuka. Mwindaji hataki kumwondoa swala katika mapambano. Anataka mnyama afe upesi, pale pale au karibu na pale, bila mateso na bila kupotea porini. Kwa hiyo risasi ya mawindo ya swala hufanywa ya ncha laini. Koti la shaba huishia kabla ya ncha, na risasi inapogonga mwili hufunguka kama uyoga, ikawa pana zaidi ya ilivyokuwa na kuumaliza nguvu wake humo humo mwilini. Kile kilichokatazwa dhidi ya binadamu ndicho huruma kwa mnyama. Huo ni mgongano wa ajabu kidogo, lakini ndivyo ulivyo.

Bunduki ambayo askari wengi wa Afrika Mashariki wanaijua ni ile ya Kirusi ya Kalashnikov, itumiayo risasi ya milimeta 7.62 yenye ganda la milimeta 39. Risasi yake ina uzito wa karibu gramu 8, nayo hutoka mtutuni kwa mwendo wa kama meta 715 kwa sekunde. Ilibuniwa kwa ajili ya askari anayepigana na askari mwenzake kwa umbali wa wastani, na kwa kazi hiyo sifa zake zinajulikana ulimwengu mzima. Sasa ilinganishe na risasi ya kuwindia ya .308: gramu 11 na zaidi, mwendo wa meta 800 kwa sekunde. Kwa hesabu ya nguvu, ya pili inakaribia maradufu ya kwanza. Hali kadhalika risasi ya Kalashnikov huanguka mapema. Bunduki iliyorekebishwa kupiga katikati kwa meta 100 huipeleka risasi hiyo zaidi ya sentimeta 20 chini ya shabaha kwa meta 200. Moyo wa swala hauna nafasi ya kosa la sentimeta 20.

Matokeo yake yanajulikana: mnyama aliyetobolewa tumbo kwa risasi ngumu hukimbia, hujificha kwenye vichaka, na kufa kesho yake au keshokutwa, akawa chakula cha fisi. Aliyefyatua hakupata nyama, na nyika imempoteza mnyama.

KUSOMA MAJINA YA RISASI

Majina ya risasi huwachanganya wengi, kwa sababu kila taifa lilipima kwa kipimo chake. Waingereza na Wamarekani hutumia inchi. Kwa hiyo .303 ni takriban inchi 303 katika elfu moja, yaani milimeta 7.7, na.375 ni milimeta 9.5. Wengine hutumia milimeta waziwazi: 7x57 maana yake ni risasi ya upana wa milimeta 7 katika ganda lenye urefu wa milimeta 57. Ile ya Kimarekani iitwayo .30-06 imebeba mwaka wake wa kuzaliwa, 1906. Mtu akishajua hayo, rafu ya risasi dukani haimtishi tena.

Wazee waliopata kuhudumu katika King's African Rifles waliijua .303 kama walivyoijua mikono yao, kwani ndiyo iliyokuwa bunduki ya jeshi la Mwingereza kwa zaidi ya nusu karne. Ilikuwa ikivutwa kwa bolti, risasi moja baada ya nyingine. Wakulima na maofisa wa wanyamapori wa enzi hizo waliitumia pia kwa mawindo, ikiwa na risasi ya ncha laini, nayo kwa swala wa kawaida ilitosha bila shida.

Lakini Uganda ina kisa kinachofundisha kuliko hicho. Mwanzoni mwa karne ya 20, katika nchi ya Karamoja, aliwinda tembo Mskoti mmoja, W.D.M. Bell, aliyezaliwa mwaka 1880 na kufa mwaka 1954. Kwa sababu ya nchi hiyo walimpa jina la “Karamojo” Bell. Aliua tembo zaidi ya 1,000, na wengi wao aliwaua kwa bunduki ndogo ya 7x57, ambayo Waingereza huiita .275 Rigby. Wawindaji wenziwe walibeba mizinga ya kuvunja bega. Siri ya Bell ilikuwa elimu: alikata fuvu la tembo kwa msumeno ili aone ubongo umelala wapi, kisha akajifunza kuupata kutoka kila upande. Risasi aliyotumia kwa tembo ilikuwa ngumu, kwa sababu ilipaswa kupenya mfupa mwingi.

Wako wanaokitumia kisa hicho kudai kwamba bunduki ndogo yaweza kila kitu. Hilo ni kosa. Bell alikuwa mpiga shabaha wa pekee, aliyeishi porini miezi kwa miezi, na mtu wa kawaida anayepiga risasi chache kwa mwaka hana haki ya kujipima kwa kipimo chake. Katika nchi nyingi leo sheria yenyewe haikubali: kwa wanyama wa hatari kama nyati na tembo, .375 ndiyo mara nyingi huhesabiwa kuwa chini kabisa. Lililo la kweli katika kisa cha Bell ni hili, kwamba mahali risasi ilipogonga ni pakubwa kuliko ukubwa wa risasi yenyewe.

MNYAMA NDIYE AAMUAYE

Neno “swala” kwa Kiswahili cha kila siku hufunika jamaa kubwa, na hapo ndipo makosa mengi huanzia. Nsya ana kilo 12 hadi 25 tu. Pongo dume hufika kilo 40 hadi 80. Kobu, yule mwenye rangi ya kahawia na koo jeupe anayeonekana katika nembo ya taifa la Uganda pamoja na korongo mwenye taji, dume lake huwa na kilo 90 hadi 120. Nyamera, waonekanao kwa wingi upande wa Ishasha, hufika 110 hadi 150. Kuro dume hupita kilo 200. Na pofu dume, aliye mkubwa kuliko wote, aweza kuwa mzito kuliko fahali wa Ankole.

Kwa wadogo, yaani pongo na swala pala, risasi ya .243 inatosha, ina gramu 6 na kitu, huenda kasi, na bunduki yake haipigi teke kali. Kwa kobu, nyamera na hata kuro, mtu achukue .270, au 7x57, au .308, au .30-06. Mabishano juu ya ipi bora kati ya hizi nne yamekula usiku mwingi kandokando ya moto wa kambi, na tofauti zake ni ndogo kuliko tofauti ya mpigaji aliyelala vizuri na asiyelala. Kwa pofu, au mahali ambapo nyati aweza kutokea kichakani bila kuitwa, .375 ndiyo ya kushikwa. Hiyo imekuwepo tangu mwaka 1912 na haijapata mpinzani wa kweli barani Afrika.

Akiulizwa mtu achague moja tu kwa kazi nyingi za swala, .308 au .30-06 yenye risasi ya gramu 11 hivi ndilo jibu la busara. Sababu mojawapo haina ushairi: risasi zake hupatikana. Bunduki nzuri isiyo na risasi madukani ni fimbo ya gharama.

Lipo na jambo la mwili wa mpigaji. Kitako kikiwa kirefu mno au kifupi mno, jicho halikai pale panapotakiwa, na bunduki huruka. Teke likiwa kali, mpigaji huanza kufumba macho na kuivuta bunduki kabla haijafyatuka. Anayemdharau mwenzake kwa kuchagua bunduki nyepesi mara nyingi ndiye akosaye kwa ile nzito. Darubini ya kukuza mara nne yatosha kabisa. Wanaonunua darubini kubwa kama bomba la maji huishia kupiga mbali kuliko uwezo wao, ilhali mwindaji aliyefundwa vyema hunyemelea mpaka meta 100 au chini yake.

Shabaha yenyewe ni moyo na mapafu. Swala akisimama ubavu, macho yaufuate mguu wa mbele kutoka chini kwenda juu, hadi theluthi moja ya kimo cha kifua, hapo ndipo. Akiwa ameelekea mtu au amempa kisogo, asubiriwe ageuke. Baada ya kufyatua, bunduki ijazwe tena mara moja na mahali alipokuwa mnyama pakumbukwe. Damu ya rangi ya waridi yenye povu ni ya mapafu, naye hayuko mbali. Uchafu wa kijani ni wa tumbo. Hapo mtu atulie nusu saa kabla ya kufuata, kwani anayefukuzwa mapema huenda mbali sana.

Aidha risasi iliyokosa haipotei. Yaweza kwenda zaidi ya kilometa 3. Katika nchi kama Munkunyu, ambako nyuma ya kila kichaka huenda yupo mchungaji, mama anayeokota kuni au mtoto aliyetumwa maji, bunduki isiyo na kilima au ardhi tupu nyuma ya shabaha haifyatuliwi. Askari aliyepitia uwanja wa shabaha analijua hili kwa kichwa. Porini ndiko husahauliwa.

SASA LA SHERIA

Mjomba anaendelea kusubiri swala wake, basi na aambiwe.

Ndani ya Hifadhi ya Taifa hakuna mawindo, ya mkulima wala ya tajiri. Nje ya hifadhi pia, mnyamapori ni mali ya serikali kwa niaba ya wananchi, na anayetaka kuwinda sharti apate haki ya matumizi ya wanyamapori kutoka Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, iliyoundwa mwaka 1996. Mawindo ya michezo yalifungwa mwaka 1979, yakaruhusiwa tena kwa majaribio mwaka 2001 katika maeneo yanayozunguka Hifadhi ya Ziwa Mburo, huko Ankole, kwa idadi iliyopangwa na kwa ada. Bunduki nayo ina sheria yake ya mwaka 1970: raia lazima awe na cheti. Silaha ya jeshi au polisi hutolewa kwa kazi ya jeshi au polisi. Anayeichukua kwenda nayo porini amekosa mara mbili, kwa mwajiri na kwa nyika.

Sheria hizi hazikutoka hewani. Katika miaka ya 1970 na wakati wa vita vya mwaka 1979, silaha za kivita ziliingia mbugani, nyingi zikiwa mikononi mwa watu waliovaa magwanda. Tembo wa hifadhi hii, waliokuwa maelfu, walibaki mia chache tu kufikia mwaka 1980. Kobu na viboko nao walipigwa kwa wingi kwa ajili ya nyama. Ndiyo maana askari wa leo akionekana na bunduki karibu na mbuga nje ya kazi, watu wazima wa Kasese hukumbuka.

Sheria mpya ya wanyamapori ya mwaka 2019 imeongeza uzito. Kwa makosa makubwa yanayohusu wanyama walio hatarini kutoweka, faini yaweza kufika shilingi bilioni 20, au kifungo cha maisha, au vyote viwili. Mnamo Oktoba 2022 mahakama mjini Kampala ilimpa kifungo cha maisha mtu aliyekutwa na meno ya tembo, naye alikuwa amewahi kuhukumiwa kwa kosa la namna hiyo. Kobu si tembo, lakini mlango wa mahakama ni ule ule.

Haki itendeke pia kwa mjomba. Malalamiko yake si ya kubuni. Mtu akikesha shambani kwa kupiga madebe, kisha akaambiwa kwamba mnyama aliyemla mahindi ni fahari ya taifa, ana sababu ya kunung'unika. Wengine kwa hasira huingia mbugani na tanzi za waya, ambazo ni mbaya kuliko bunduki yoyote, maana hazichagui: humkamata kobu, simba na mtoto wa tembo vile vile, na kumwacha afe polepole. Sheria imeweka njia mbili kwa ajili ya watu hawa. Ya kwanza ni asilimia 20 ya viingilio vya hifadhi, ambayo hurudishwa kwa jamii jirani kwa miradi yao. Ya pili, iliyoletwa na sheria ya 2019, ni mpango wa fidia kwa aliyejeruhiwa au kuharibiwa mazao, nje ya hifadhi, na wanyama waliotajwa katika orodha ya sheria, kama vile tembo, kiboko na nyati. Kama njia hizo hufika kwa wakati ni swali ambalo wakulima wana ruhusa ya kuliuliza kwa sauti kubwa katika mikutano ya gombolola.

JIKONI NA CHUMBANI

Akina mama wana neno lao katika habari hii. Nyama ya porini inayoletwa usiku bila maelezo isipokewe. Mwaka 2004 kimeta kiliua viboko zaidi ya 200 katika Hifadhi ya Queen Elizabeth, na mwaka 2010 ugonjwa huo ukarudi. Kimeta humpata binadamu kwa kugusa, kuchuna au kula mzoga, na vijidudu vyake vinaweza kukaa ardhini miaka mingi. Mnyama aliyekutwa amekufa asiguswe wala asipasuliwe. Daktari wa mifugo au askari wa wanyamapori aitwe.

Hata nyama halali, iliyowindwa kwa kibali, ina tahadhari yake. Risasi ya ncha laini ina madini ya risasi ndani yake, nayo inapofunguka huacha vipande vidogo visivyoonekana kwa macho. Madini hayo ni sumu, hasa kwa mtoto na mama mjamzito. Kwa hiyo nyama iliyolizunguka jeraha ikatwe kwa ukarimu na kutupwa, hata kama roho inauma. Siku hizi ziko risasi za shaba tupu zinazofunguka bila madini hayo. Bei yake iko juu.

Ama kuhusu mwenye bunduki halali nyumbani, bolti itolewe na silaha ifungiwe penye kufuli, risasi zifungiwe pengine, na ufunguo usijulikane na watoto. Kabatini juu ya nguo si mahali pa kufichia, kwani hapo ndipo mtoto huanza kutafuta peremende. Kila inaposhikwa, chemba ifunguliwe na kutazamwa, hata kama imetazamwa dakika moja iliyopita.

Huko uani Munkunyu moto umefifia. Mjomba amesikiliza mpaka mwisho, kisha anauliza swali ambalo limekuwa moyoni mwake tangu mwanzo: hiyo fidia, mtu huanzia wapi?

“Kesho asubuhi, Mjomba, tutakwenda pamoja kwa mwenyekiti wa kijiji, halafu kwa askari wa wanyamapori. Mwambie mama asiyang'oe yale mahindi yaliyokanyagwa, wala asifagie nyayo. Wayaone kwa macho yao.”

Mzee anaita ndani, na kabla ya kulala mkewe anakwenda kufunika nyayo moja kubwa kwa ungo, mvua isije ikaifuta.